Chunusi na tiba inayozaa chunusi

(Haya ni mazungumzo yetu ya redio ya wiki hii, yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)



Asubuhi moja ya Julai, katika baridi ile ambayo sisi wakazi wa Iringa tunaifahamu, mpwa wangu alibisha hodi nyumbani kwangu hapa Mlandege akiwa amejitanda mtandio hadi yakabaki macho tu. Sikushangaa, maana asubuhi kama ile hata wanaume hujifunika. Alinisalimu, "Shikamoo mjomba," nikamwitikia marahaba, nikamkaribisha chai. Mtandio hakuuvua. Alikuwa akikiingiza kikombe kwa chini, anakunywa, anakitoa. Ndipo nilipotambua kwamba si baridi iliyokuwa ikimfanya ajifunike.

Dada yangu ndiye aliyenieleza habari kamili. Binti huyo yuko kidato cha tatu. Alipofika umri wa miaka 14 alianza kutokwa na chunusi chache kwenye paji la uso na kidevuni, kama wenzake wengi. Zilipokauka ziliacha madoa meusi, na darasani wakampa jina la utani ambalo sitalitaja hapa. Akaenda kwenye duka moja la vipodozi, akauziwa tyubu ndogo isiyo na boksi pamoja na kikopo cha krimu kisicho na lebo, akaambiwa achanganye na apake asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza uso ulilainika, ukang'aa. Majirani walimsifu. Dada yangu anakiri kwamba hata yeye aliomba kidogo apake.

Mwezi wa tatu krimu ilimwishia. Siku mbili tu bila kupaka, uso ukawaka moto, ukawa mwekundu, na vikatoka vipele vidogo vidogo vya ukubwa mmoja, vimejaa mashavu yote mawili na kidevu. Alirudi dukani. Akaambiwa, "Usiogope, hiyo ni ngozi inatoa uchafu. Ongeza." Akaongeza. Siku aliyokuja kwangu alikuwa hajakanyaga shule kwa siku nne.

Najua wapo watakaosema kwamba chunusi si jambo la kuzungumzwa redioni wakati nchi ina malaria na kifua kikuu. Chunusi haziui, ni kweli. Lakini hesabu za kimataifa za mwaka 2010 juu ya mzigo wa maradhi ziliweka chunusi katika nafasi ya nane kati ya magonjwa yanayowapata watu wengi zaidi duniani, karibu watu 9 katika kila 100. Na kwa vijana idadi ni kubwa zaidi sana. Wengi wao hupita humo kwa kiasi fulani. Ugonjwa unaomfungia mtoto ndani asiende shule, na unaomsukuma kupaka sumu usoni, unastahili robo saa yetu.

Hebu tuanze na ngozi yenyewe.

Ngozi ya binadamu ina vitundu vidogo sana ambamo vinyweleo huota. Pembeni mwa kila kitundu kuna tezi inayotengeneza mafuta, na mafuta hayo hupanda kupitia kitundu hicho hicho mpaka juu, yakaizuia ngozi isikauke. Tezi hizi ni nyingi na kubwa zaidi usoni, kifuani, mgongoni na mabegani. Ndiyo maana chunusi hutokea huko, wala huwezi kuziona kwenye kiganja cha mkono au unyayo, mahali ambapo tezi hizo hazipo.

Mtoto anapokaribia kubalehe, mwili wake huanza kutoa kwa wingi homoni zinazoitwa androjeni. Watu huziita homoni za kiume, lakini wasichana nao wanazo, ila kwa kiasi kidogo. Homoni hizi huziamsha zile tezi, zikapanuka na kutoa mafuta mengi kuliko zamani. Hilo ni la kwanza.

La pili, chembe za ngozi zinazokufa ndani ya kitundu, ambazo kwa kawaida hutoka zenyewe moja moja, huanza kushikamana. Zikichanganyika na mafuta hufanya kizibo, mfano wa mafuta yaliyoganda kwenye bomba la kutolea maji machafu jikoni. Kitundu kikizibwa huku mdomo umefunikwa, unaona kipele cheupe. Mdomo ukiwa wazi, unaona kichwa cheusi. Weusi ule si uchafu, ndugu msikilizaji. Ni rangi ya asili ya ngozi pamoja na mafuta yaliyobadilika baada ya kukutana na hewa. Usugue kwa sabuni mpaka jioni, hautoki.

La tatu, ndani ya kitundu kilichozibwa kuna vijidudu ambavyo kila mtu anavyo, mwenye chunusi na asiye nazo. Vijidudu hivi hupenda mahali penye mafuta na pasipo hewa, kwa hiyo kizibo kwao ni neema, wanaongezeka. La nne, mwili huona kuna jambo lisilo la kawaida pale, hupeleka askari wake, na vita hivyo ndivyo vinavyoleta wekundu, uvimbe, maumivu na usaha. Ukuta wa kitundu ukipasuka kwa ndani, uvimbe huwa mkubwa, na hapo ndipo makovu yanapozaliwa.

Mambo hayo manne, yaani mafuta mengi, kizibo, vijidudu na uvimbe, ndiyo chunusi. Juu yake kuna urithi. Kama baba na mama walisumbuliwa sana na chunusi ujanani, mtoto wao ana nafasi kubwa ya kusumbuliwa vivyo hivyo, hata awe msafi kiasi gani.

Kuna jambo moja la muda ambalo nakuomba ulikumbuke, kwa sababu tutalirudia. Kizibo huanza kujijenga wiki kadhaa kabla ya kipele kuonekana. Chunusi uliyoiona leo kwenye kioo ilianza safari yake mwezi uliopita au zaidi. Kwa hiyo dawa yoyote ya kweli, ambayo kazi yake ni kuzuia vizibo vipya visijengeke, haiwezi kuonyesha matunda yake kabla ya wiki sita hadi nane. Dawa inayosafisha uso wote kwa siku tatu haiondoi chunusi. Inafanya jambo jingine, na tutaona ni lipi.

Sasa tuondoe yale yasiyo ya kweli. Watu husema chunusi ni damu chafu. Si kweli, damu haihusiki, na kunywa dawa za kuharisha ili kusafisha damu ni kujitesa bure. Husemwa ni uchafu wa mtu asiyenawa. Si kweli, na tumeshaona sababu. Wanaonawa mara sita kwa siku kwa sabuni kali ya kufulia huichubua ngozi, nayo ngozi iliyochubuka huvimba upesi zaidi.

Yapo pia maneno wanayoambiwa wasichana, hata na watu wazima wanaopaswa kuona haya, kwamba chunusi ni dalili ya kukosa mwanamume, na kwamba akimpata zitaisha. Wazazi, waambieni binti zenu waziwazi kwamba huo ni uongo. Homoni zinazoleta chunusi ni za kubalehe, hazipungui kwa jambo hilo. Mimba na magonjwa ndiyo yanayopatikana kwa njia hiyo. Na wavulana nao wasidanganywe, maana wanaambiwa maneno hayo hayo.

Wengine wanaogopa kwamba kila kipele ni dalili ya Ukimwi. Chunusi za kawaida si dalili hiyo. Ila vipele vinavyowasha sana, vilivyotapakaa mikononi na miguuni kwa muda mrefu, hivyo si chunusi, na mwenye navyo aende kituo cha afya akaangaliwe na kupimwa bila kuchelewa.

Je, chakula? Hapa ukweli una pande mbili. Mwaka 1969 watafiti wa Marekani waliwapa chokoleti watu 65 wakasema hawakuona tofauti, na kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba chakula hakina lolote. Baadaye utafiti ule ulikosolewa, kwa sababu vipande vya kulinganishia navyo vilikuwa na sukari na mafuta mengi. Mwaka 2002 watafiti wengine walieleza jinsi walivyowachunguza watu 1,200 wa kisiwa cha Kitava huko Papua New Guinea, watu wanaoishi kwa viazi, matunda, nazi na samaki. Hawakukuta chunusi hata moja. Mwaka 2007 huko Australia vijana wa kiume 43 walifuatiliwa kwa wiki 12, na wale waliopunguza vyakula vinavyopandisha sukari ya damu kwa ghafla walipata nafuu kubwa zaidi kuliko wenzao.

Sababu yake inaeleweka. Sukari ya damu ikipanda ghafla, mwili hutoa insulini nyingi, nayo insulini huchochea zile tezi za mafuta. Kwa hiyo kijana mwenye chunusi nyingi anayekunywa soda mbili kwa siku, chai ya vijiko vinne vya sukari, na maandazi asubuhi na jioni, akipunguza hatapoteza kitu. Kuhusu maziwa, mwaka 2005 daktari mwenye asili ya Nigeria, Clement Adebamowo, na wenzake walitoa matokeo ya wauguzi 47,355 wa Marekani, wakaona uhusiano kati ya kunywa maziwa mengi ujanani na chunusi. Lakini uhusiano huo si mkubwa, na wauguzi wale walikuwa wakikumbuka mambo ya zamani. Usimnyime mtoto maziwa kwa ajili hiyo. Wala msimnyime karanga au parachichi, tunda ambalo Mungu ametujalia huku Nyanda za Juu Kusini. Mafuta ya chakula hayasafiri moja kwa moja kutoka tumboni hadi usoni.

Tukija kwenye mambo yanayozidisha, naanza na lile linalotuhusu sisi wa Iringa, Mbeya na Njombe kuliko watu wa Dar es Salaam. Huku tunaishi juu. Kuanzia Juni mpaka Agosti kuna baridi, upepo ni mkavu, na ngozi inapauka mpaka inaonekana kama imepakwa unga. Mama wa huku hawezi kumwacha mtoto wake atoke nje amepauka, majirani watasema nini? Kwa hiyo tunapaka mafuta mazito ya mgando, kuanzia utosini hadi vidoleni. Miguuni na mikononi hakuna ubaya. Lakini usoni, kwa kijana ambaye tayari ana mafuta yake ya kutosha, tabaka zito la mafuta linaweza kuongeza vizibo, hasa likiwa na manukato na mchanganyiko wa mafuta mengine.

Si jambo jipya. Mwaka 1970 madaktari wa Marekani walieleza kuhusu vipele vilivyojipanga kwenye paji la uso na pembeni mwa nywele za wanaume weusi waliokuwa wakipaka mafuta mazito kichwani kila siku. Mafuta yalikuwa yakishuka kutoka kwenye nywele. Dada zetu wanaosuka na kupaka mafuta ya nywele, wakitazama kwenye kioo wakaona vipele vimejaa pale pale nywele zinapoanzia, wajue pa kuanzia. Paka mafuta ya nywele mbali na uso, lala na kitambaa, na kitambaa hicho kifuliwe.

La pili ni msuguano na joto. Chochote kinachobana na kusugua ngozi yenye jasho huongeza chunusi mahali hapo. Waendesha bodaboda wanaovaa kofia ngumu kutwa nzima wanapata kidevuni na kwenye paji la uso. Wakati wa janga la Korona, kuanzia mwaka 2020, wahudumu wa afya waliovaa barakoa kwa saa nyingi walipata mashavuni. Kofia usiivue, kwa sababu ajali ni mbaya kuliko kipele, lakini isafishe ndani na ufute jasho.

La tatu ni vidole vyetu. Kuminya chunusi husukuma usaha ndani zaidi, hupasua ukuta wa kitundu, na kwa ngozi yetu nyeusi matokeo yake ni doa jeusi la miezi kadhaa, na pengine kovu la maisha. Kupaka dawa ya meno, maji ya betri, ndimu au majivu ni kuongeza kidonda juu ya kipele.

La nne ni mawazo. Mwaka 2003 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford huko Marekani waliwafuatilia wanafunzi wenye chunusi, wakaona kwamba wakati wa mitihani ziliwazidi, hasa kwa wale waliobanwa zaidi na wasiwasi. Vijana wetu wa vyuo walioko Kihesa na kwingineko mjini hapa wataniambia kama nimesema uongo. Kwa akina mama na wasichana, chunusi nyingi huongezeka siku chache kabla ya hedhi, na hilo ni la kawaida. Lakini mwanamke mwenye chunusi nyingi, ambaye hedhi yake hairudi kwa mpangilio na ndevu zimeanza kumwota kidevuni, aende akamwone daktari, maana huenda kuna hitilafu ya homoni inayotibika.

La tano ni dawa zinazotumiwa kwa ugonjwa mwingine. Baadhi ya dawa za kifua kikuu, hasa isoniazidi, baadhi ya dawa za kifafa, na kwa baadhi ya akina mama sindano ya uzazi wa mpango, huweza kuleta vipele vya namna ya chunusi. Sikiliza vizuri hapa: usiache dawa hizo. Anayeacha dawa ya kifua kikuu kwa sababu ya vipele anachezea uhai wake na wa jamaa zake. Nenda kwa aliyekupa dawa, mweleze, atakusaidia.

Wanaume wenye vipele vigumu kwenye ndevu na kisogoni baada ya kunyolewa, navyo mara nyingi si chunusi. Ni nywele za kipilipili zilizokatwa chini mno, zikajikunja na kuchoma ngozi upya. Mwambie kinyozi asikate hadi kwenye ngozi.

Sasa nimefika kwenye la sita, na hili ndilo lililomleta mpwa wangu akiwa amejifunika mtandio. Ni mkorogo.

Tuangalie jinsi mambo yanavyofuatana. Kijana anapata chunusi. Chunusi inapona, inaacha doa jeusi. Kwa mtu mweupe wa Ulaya doa huwa jekundu na hufifia. Kwetu huwa jeusi na hukaa miezi. Doa ndilo linalomuuma kijana kuliko chunusi yenyewe. Anatafuta cha kuondoa doa, anauziwa krimu ya kung'arisha. Ndani ya krimu hizo, mara nyingi bila kuandikwa popote, mna moja ya vitu vitatu: zebaki, haidrokwinoni, au steroidi kali kama betamethasoni na klobetasoli.

Steroidi ni dawa halali ya hospitali kwa magonjwa fulani ya ngozi, kwa muda mfupi na kwa usimamizi. Kazi yake ni kuzima uvimbe. Unapoipaka kwenye uso wenye chunusi, wekundu unazimika katika siku chache, vipele vinanywea, na rangi inafifia. Mtu anaona amepona. Kumbe kizibo kiko pale pale, vijidudu viko pale pale, ila askari wa mwili wamelazwa usingizi. Ukiendelea, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo ya damu inaonekana, nywele zinaota mashavuni, na dawa hiyo hiyo inaanza kuzalisha chunusi za aina yake, vipele vidogo vya ukubwa mmoja, vingi kwa pamoja. Ukiacha ghafla, uvimbe wote uliokuwa umelazwa unaamka kwa hasira, uso unawaka. Unaogopa, unarudia kupaka, unapata nafuu ya siku mbili. Sasa umefungwa kwenye krimu kama mlevi na chupa yake.

Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu na kwa nguvu kubwa, ngozi ambayo ulitaka iwe nyeupe inageuka kuwa nyeusi ya bluu, na huo weusi hautoki kwa urahisi. Madaktari wa Afrika Kusini waliliandika jambo hilo tangu mwaka 1975, baada ya kuliona kwa wanawake waliokuwa wakijichubua.

Serikali yetu haikukaa kimya. Mamlaka ya Chakula na Dawa, iliyoanza kazi mwaka 2003, ilitangaza viambato vilivyopigwa marufuku katika vipodozi, vikiwemo hivyo vitatu, na mara nyingi imekamata na kuteketeza shehena. Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi imekuwa chini ya Shirika la Viwango, TBS, na dawa ziko chini ya mamlaka inayoitwa TMDA. Lakini nchi yetu ina mipaka mirefu, na kikopo kisicho na lebo huingia mfukoni kirahisi. Askari wa mwisho ni mnunuzi mwenyewe. Kitu kisicho na jina, kisicho na orodha ya vilivyomo, kisicho na tarehe ya mwisho wa matumizi, usikipake usoni. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, na hapa kidonda si mfano tu.

Basi mtu afanye nini?

Nawa uso mara mbili kwa siku kwa maji na sabuni isiyo kali, kwa vidole, si kwa dodoki wala jiwe. Usiminye. Kama ngozi ya uso inapauka kwa baridi, tumia losheni nyepesi, kidogo, badala ya mafuta ya mgando. Ukiwa na chunusi chache, katika duka la dawa lenye mfamasia uliza dawa ya kupaka yenye benzoili peroksaidi, uanze na ile ya nguvu ndogo, ukijua kwamba hupausha na huweza kufifisha rangi ya foronya na fulana. Ipo pia dawa ya kupaka inayoitwa adapalini, inayozuia vizibo, ila mjamzito asiitumie. Mpe dawa wiki nane kabla ya kuihukumu.

Chunusi zikiwa nyingi, zenye usaha, zinazouma au zinazoacha makovu, usihangaike dukani. Nenda hospitali. Daktari anaweza kuongeza vidonge kama doksisaiklini kwa miezi michache, ambavyo haviwafai wajawazito wala watoto wadogo. Kwa zile sugu kabisa kuna isotretinoini, dawa yenye nguvu sana, ambayo huharibu vibaya mtoto aliye tumboni. Hiyo ni ya daktari bingwa peke yake, wala mtu asiinunue kwa rafiki.

Nchi yetu ina bahati moja ambayo wengi hawaijui. Tangu mwaka 1992 pale KCMC, Moshi, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika. Wanaofundishwa pale ni pamoja na maofisa tabibu, ambao hurudi kufanya kazi katika hospitali walikotoka. Kwa hiyo, uulizie kliniki ya ngozi kwenye hospitali ya mkoa wako au ya rufaa kabla ya kuamua kwamba hakuna mtaalamu.

Na aliyekwisha kunaswa na mkorogo asiache peke yake gizani, akakata tamaa siku ya tatu na kurudia. Aende na tyubu yake na kikopo chake mkononi, amwonyeshe daktari, aseme kweli amepaka kwa muda gani. Daktari atampangia namna ya kuacha, na atamtayarisha kwa wiki ngumu zitakazofuata.

Ndivyo alivyofanya mpwa wangu. Alikwenda hospitali na mama yake, na vikopo wakavibeba kwenye mfuko wa nailoni. Mwezi wa kwanza ulikuwa mbaya, sitakuficha. Uso uliwaka kuliko siku ile aliyokuja kwangu, na mara mbili dada yangu alimkuta analia akitaka arudishiwe krimu yake. Mwezi wa pili ulitulia. Kufikia mwezi wa tano chunusi zilikuwa zimebaki chache za kawaida. Madoa bado yapo, yanafifia polepole. Shuleni alirudi mapema, wiki ile ile ya kwanza, kwa sababu mwalimu wake mmoja wa kike alikubali avae mtandio mpaka atakapokuwa tayari kuuvua. Wala hakumwuliza maswali mbele ya wenzake.

Wazazi, mtoto anapoanza kujifungia chumbani na kioo, msimcheke na msimwambie zitaisha zenyewe. Mwulizeni anapaka nini. Ombeni mkione kikopo. Na ninyi mnaouza, mnajua mnachokiuza. Kama hamkijui, hilo nalo ni kosa.

Kwa leo tuishie hapo. Tukijaliwa uzima, tukutane tena wiki ijayo.